Kle Iliyobaki kwenye Sitini

Kila mchana, tukitoka shuleni, wenzangu walifuata barabara kubwa ya mtaa wetu wa Kampemba. Mimi nilishika njia ya nyuma, ile inayopita katikati ya kuta za matofali na mtaro mkavu. Njia hiyo ni ndefu zaidi. Niliifuata kwa sababu barabara kubwa inapita mbele ya garaje ya baba yangu, na baba hakuwapo tena.

Nyumbani nilimkuta mama sebuleni, amevaa nguo nyeupe za eda, ameketi kwenye mkeka wake. Kwa sisi Waislamu, mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Mama alikuwa amemaliza wiki tatu tu.

"Masomo?" aliniuliza.

"Mazuri, mama."

"Umepita garaje?"

"Hapana, mama."

Alinionyesha bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, zimefunikwa kwa sahani. Nilikula peke yangu, nikaosha sahani yangu, kisha nikaingia chumbani na kufunga mlango.

Chini ya kitanda, ndani ya mfuko mtupu wa unga, nilikuwa nimeficha kle dinamometrike ya baba. Kle ni ufunguo wa kukazia buloni, yaani zile skrubu nene zinazoshikanisha vipande vya injini. Lakini hii si kle kama nyingine. Mpini wake una namba, nao ukizungushwa namba inabadilika. Ukiuweka kwenye thelathini, unakaza buloni polepole mpaka kle inalia "ka!" mkononi. Hapo nguvu imefika thelathini, na fundi anaacha.

"Mukono ya muntu inadanganya," baba aliniambia siku moja. "Asubuhi iko na nguvu, mangaribi imechoka. Hii haijue asubuhi, haijue mangaribi."

Kwenye barabara yetu kuna garaje nne, na kle ya namna hiyo ilikuwa moja tu. Mafundi wengine walikaza kwa nguvu za mabega, wakiongeza bomba kwenye ufunguo ili uwe mrefu.

Sikuwa nikiitoa kwenye mfuko ili nichezee. Niliitoa ili nione namba. Ilikuwa imesimama kwenye sitini. Mkono wa mwisho kuuzungusha mpini ule ulikuwa wa baba yangu, Mahamudu, na mimi niliishika kle kwa ncha tu, kwa uangalifu kama mtu aliyebeba yai, ili sitini isisogee. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Niliamini kwamba namba ile ikibaki pale, kitu fulani cha baba kimebaki pale pia.

Ilifika kwangu hivi. Ilikuwa siku ya Alhamisi, nilipopita garaje kumpelekea baba chai. Alikuwa ameinamia injini ya gari la Mama Laurentine, mfanyabiashara wa unga na mboga anayelima huko Annexe, pembeni ya mji. Papa Lombe, mwenzake wa miaka kumi na mmoja katika kazi, alikuwa amekwenda mjini kutafuta vipuri. Baba alipokea chai, hakuinywa. Aliketi juu ya tairi, akashika kifua. Jasho lilimtoka, na ilikuwa mwanzo wa mwezi wa sita, wakati wa baridi.

"Mounira, mwite muntu," alisema.

Niliwaita majirani. Wakamwingiza kwenye teksi na kuniambia nikimbie nyumbani kwa mama. Kabla ya kukimbia niliona kle imelala juu ya ukingo wa gari, mahali ambapo mpita njia yeyote angeweza kuichukua. Nikaitia kwenye mkoba wangu wa shule. Wakati huo nilikuwa sijafanya kosa lolote. Baba alifariki kabla jua halijazama, na kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, wakamzika.

Kosa lilikuja siku ya nne. Baba mdogo Nasoro, ndugu wa baba, alikusanya vyombo vya garaje na kuvihesabu uani kwetu. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa kle ile.

"Mounira, uliiona?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilijua kwamba nikiitoa, itapita mkono kwa mkono, na mtu ataigeuza.

"Sijui, baba mdogo," nilisema.

Neno hilo moja lilifanya kazi kubwa kuliko nilivyodhani. Jioni ile ile baba mdogo alikwenda garaje, akasimama katikati ya barabara, akamwita Papa Lombe kwa sauti ambayo mafundi wote waliisikia.

"Siku ndugu yangu alianguka, nani iko na ufunguo ya kasha ya vyombo? Ni weye! Dada yako anafanya biashara Sakania, kule mpakani. Kle iko Sakania, sema tu!"

"Nasoro, ndugu yako alikuwa ndugu yangu," Papa Lombe alijibu. "Chunga maneno."

"Chunga mikono yako kwanza!"

Watu walicheka. Kuanzia siku hiyo Papa Lombe hakuja tena nyumbani kwetu. Siku zile za kwanza za msiba alikuwa akija kila jioni, anasimama nje ya mlango, mama anamwitikia kutoka nyuma ya pazia, naye anatuhadithia mambo ya baba: alivyowahi kukaza gurudumu la gari la bwana harusi na kusahau kofia yake mwenyewe ndani ya gari lile, vitu kama hivyo. Alipoacha kuja, hapakuwa na mtu wa kumtaja baba nyumbani. Mama alisoma Kurani kimya. Mimi nilikaa na namba yangu.

Shuleni pia nilibaki peke yangu. Keren, binti wa Papa Lombe, alikuwa akikaa nami dawati moja tangu mwaka wa tatu. Wiki ile alibeba daftari zake, akahamia nyuma.

"Baba yako alikufa, pole sana," aliniambia. "Lakini papa yangu si mwizi. Siwezi kukaa na bantu wanaosema ni mwizi."

"Mimi sijasema."

"Hujasema, ndiyo. Hujasema kitu chochote."

Alisema kweli zaidi ya alivyojua.

Wiki tatu zilipita hivyo. Siku ya Jumatano Mama Laurentine alikuja kumsalimia mama. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya sokoni, lakini siku hiyo aliipunguza. Alivua viatu, akaketi mkekani.

"Mama Mounira, nimekuja kukupa habari," alisema. "Gari yangu imeisha kutengenezwa. Lombe amerudisha vipande vyote. Kesho mchana napakia unga, naenda Sakania. Wiki tatu sijauza kitu, watoto wanaanza kunitazama vibaya."

"Tunashukuru Mungu," mama alisema. "Injini nayo?"

"Ni Mahamudu mwenyewe alikaza kulasi, kile kifuniko kikubwa cha juu. Lombe alitaka kuipima tena, lakini na nini? Kle haiko. Amejaribu kwa mukono, anasema iko ngumu. Na asubuhi ya siku ile Mahamudu alimwambia, ukirudi kutoka mjini utakuta nimemaliza."

Nilikuwa jikoni nikimimina chai kwenye vikombe. Niliweka birika chini.

Baba alikuwa amenifundisha jambo moja kuhusu kulasi za magari ya namna ile. Zina buloni kumi, na hazikazwi mara moja. "Mara tatu, Mounira, kama tunavyotawadha," alisema. "Mara ya kwanza thelathini, zote kumi. Mara ya pili sitini, zote kumi. Mara ya tatu themanini. Kisha unaregesha kle chini kabisa, ndiyo unaiweka." Hakuwahi kuiacha kle bila kuirudisha chini. Hata siku alipoitwa haraka kwenye harusi aliirudisha chini kwanza.

Kle yangu ilikuwa kwenye sitini.

Basi baba hakumaliza. Kati ya mara ya pili na mara ya tatu, ndipo alipoketi kwenye tairi. Jambo hilo hakulijua mtu mwingine duniani, kwa sababu lilikuwa limeandikwa mahali pamoja tu, na mahali hapo palikuwa chini ya kitanda changu.

Niliwapelekea chai. Mama Laurentine alinishika shavu.

"Mutoto yangu, umekonda. Kula."

Nilitaka kumwambia. Badala yake nilirudi jikoni.

Asubuhi ya Alhamisi nilifikiri nimepata njia ya kusema bila kusema. Wakati wa mapumziko nilimfuata Keren ukutani, alipokuwa akimenya karanga na wasichana wawili.

"Keren, mwambie papa yako akaze kulasi ya Mama Laurentine tena. Kabla gari haijaondoka."

Wenzake walicheka. "Tazama, fundi!" mmoja alisema.

Keren hakucheka. "Akaze tena na nini? Na meno?"

"Haijafika themanini."

"Nani alikuambia?"

Nilitazama maganda ya karanga chini.

"Uko sawa na baba yako mdogo," Keren alisema. "Kwanza munamwita mwizi, sasa munasema hajui kazi. Utaacha lini?"

Alinigeuzia mgongo. Pale pale nilielewa kwamba nusu ya ukweli haitamsaidia mtu. Kama sitaonyesha kle, hakuna atakayeamini neno langu, na Mama Laurentine ataondoka na injini iliyokazwa nusu.

Kengele ya mwisho ilipolia nilikimbia nyumbani. Nilitoa mfuko chini ya kitanda, nikaenda kuuweka mbele ya mama, juu ya mkeka.

"Ni nini hii?"

"Kle ya baba. Sikuipoteza. Niliificha."

Mama aliutazama mfuko muda mrefu bila kuufungua.

"Siku zote hizi?"

"Siku zote, mama. Iko kwenye sitini. Baba hakufika themanini. Kulasi ya Mama Laurentine haijakazwa vizuri, na leo mchana anaondoka."

Nilingoja anipige au alie. Hakufanya hata kimoja. Alijaribu kusimama, akakumbuka eda yake, akaketi tena.

"Mimi siwezi kutoka," alisema. "Ingekuwa siku nyingine ningekushika mkono. Leo utakwenda peke yako. Utasema mbele ya kila mtu, kama ulivyoniambia mimi. Nenda, Mounira. Kimbia."

Sikushika njia ya nyuma. Nilipita barabara kubwa, mfuko kifuani, vumbi jekundu likiniingia puani. Kutoka mbali nilisikia injini ikinguruma. Mbele ya garaje gari la Mama Laurentine lilikuwa limejaa magunia, naye ameshapanda. Baba mdogo Nasoro alikuwa akifunga kamba nyuma. Papa Lombe alikuwa amesimama pembeni, mikono imejaa grisi, hazungumzi na mtu.

Nilisimama mbele ya gari.

"Mutoto, toka hapo!" baba mdogo alipiga kelele. "Unataka kukanyagwa?"

Niliitoa kle kwenye mfuko, nikaishika kwa mikono miwili.

"Zima injini, Mama Laurentine. Tafadhali zima."

Injini ilizimwa. Mafundi wa garaje ya jirani walisogea.

"Uliitoa wapi?" baba mdogo aliuliza, sauti imeshuka.

"Papa Lombe hakuiba. Ni mimi niliichukua siku ile, halafu uliponiuliza nilidanganya. Nilitaka ibaki kama baba alivyoiacha."

Papa Lombe alinikaribia. Nilifikiri ataninyang'anya. Aliinama tu, mikono yake nyuma ili grisi isiguse kitu, akasoma namba.

"Sitini," alisema. Kisha akasema tena, polepole zaidi, kama mtu anayepewa habari za msiba mara ya pili. "Sitini. Kumbe hakumaliza."

"Maana yake nini?" Mama Laurentine aliuliza kutoka juu. "Lombe, maana yake nini?"

"Maana yake ushuke, mama. Injini ipoe kwanza, kisha tunaifungua."

"Ee Bwana! Na unga wangu?"

"Unga haitaoza leo."

Tukakaa kungoja injini ipoe. Hakuna aliyenigombeza, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kugombezwa. Niliketi kwenye ngazi ya saruji peke yangu. Baba mdogo alitembea huku na huku, hanitazami, hamtazami Papa Lombe.

Papa Lombe ndiye aliyenisogelea mwishowe.

"Kuna jambo moja," alisema. "Ndani ya hii kle kuna springi. Ukiiacha kwenye sitini, springi inabanwa. Wiki tatu imebanwa. Ikichoka, itaanza kudanganya, itasema themanini kabla ya kufika. Ndiyo maana baba yako alikuwa anairegesha."

"Nimeiharibu?"

"Sijui. Tutaiuliza."

Alibana kichwa cha kle kwenye chuma cha kubania kilicho juu ya meza, mpini ukalala sawa hewani. Akapima sentimita arobaini kutoka pale ilipobanwa, akatundika hapo kwa kamba bidoni tupu, lile dumu la maji.

"Kilo kumi na tano hapa ni kama sitini," alisema. "Bidoni tupu ni kilo moja. Tutatia maji lita kumi na nne. Ikilia kwenye kumi na nne, springi iko nzima. Ikilia mapema, tumeipoteza."

Keren alikuwa ameingia na chakula cha baba yake. Watu walikuwa wamemsimulia njiani. Alichukua kikombe cha lita moja, akaanza kutia maji, mimi nikishika bidoni isiyumbe.

"Sijakusamehe," aliniambia kwa sauti ya chini. "Namwaga maji tu."

"Sawa."

"Kumi. Shika vizuri. Kumi na moja."

Nilifumba macho. Nilijua kwamba ikilia, itakuwa ni ile sitini ya baba inayolia, na kwa mara ya mwisho. Nilijua pia kwamba ikilia mapema, ni mimi niliyeiua.

"Kumi na mbili. Kumi na tatu."

Maji ya kikombe cha kumi na nne yalikuwa bado yanaanguka.

Ka!

Mpini ulishuka kidogo. Papa Lombe alifuta uso kwa mkono wa shati, akaacha alama nyeusi kwenye paji la uso.

"Iko nzima," alisema. "Sasa tunaipeleka themanini. Nitaigeuza mimi, ao utaigeuza weye?"

Nilitazama namba. Nilitamani kumwomba dakika moja, na nafikiri angenipa. Lakini Mama Laurentine alikuwa amekaa juu ya gunia akitutazama, na kazi ilikuwa wiki tatu nyuma.

"Mimi," nilisema.

Niliuzungusha mpini. Ulikuwa mgumu, baridi. Sitini iliondoka. Sabini ikapita. Nikasimama kwenye themanini, nikamsomea Papa Lombe kwa sauti.

Injini ilipopoa alifungua bati jembamba lililofunika buloni za kulasi, akaanza na buloni za katikati, kisha akaelekea pembeni, moja baada ya nyingine. Kila buloni ilizunguka kidogo kabla ya kle kulia. Zote kumi zilizunguka.

"Zote kumi," alisema. "Mama Laurentine, usingefika hata Kasumbalesa, kabla ya Sakania. Maji yangeingia kwenye mafuta, injini ingekufa barabarani na unga juu yake."

Mama Laurentine alijishika kichwa. Baba mdogo Nasoro alikohoa.

"Lombe," alisema, "nilikuita mwizi. Unisamehe."

"Uliniita mwizi katikati ya barabara, Nasoro. Hapa tuko pembeni."

Baba mdogo alielewa. Alinyoosha mkono kwangu, tukatoka wawili. Tulikwenda garaje ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kila mahali alisema maneno yake na mimi nikasema yangu. Katika garaje ya tatu fundi mmoja mzee aliniangalia kutoka chini hadi juu, akasema, "Kumbe mwizi mwenyewe ni mudogo hivi!" Wote walicheka, na nilistahili kucheka kwao.

Mama Laurentine aliondoka Ijumaa asubuhi. Jumamosi mchana simu ya mama ililia, naye akaiweka kwa sauti kubwa ili nami nisikie.

"Niko Sakania!" sauti ya sokoni ilijaa sebuleni. "Nimefungua, nimeangalia maji ya injini. Hayakupungua hata kidogo. Mwambie ule fundi mudogo!"

Mama aliweka simu chini. Akapiga mkeka kwa kiganja, nami nikaketi karibu naye.

"Mounira, nilikuacha siku mbili ufikiri," alisema. "Sasa sikiliza. Ulimpenda baba yako, na hilo si kosa. Lakini ulichukua kitu kinachohitajiwa na watu, ukakifanya chako, ukakilinda kwa uongo. Uongo ule ulimfanya rafiki yake mwizi, na ukamwacha Mama Laurentine karibu na hasara. Ukiwa na huzuni, ilete hapa kwangu. Mimi pia ninayo. Usiifungie mahali ambapo watu wengine watalipia. Na ukijua ukweli ambao mtu anauhitaji, useme siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka."

"Nimeelewa, mama."

"Baba yako alikuwa hajamaliza kazi. Sasa imemalizika, na wewe ulikuwapo."

Hapo akaanza kulia. Tangu maziko nilikuwa sijamwona mama akilia mbele yangu. Alijifunika kwa upande wa nguo yake nyeupe, nami nikaegemeza kichwa begani kwake. Tulimlilia baba pamoja mara ya kwanza, mpaka adhana ya alasiri, kisha tukasimama kutawadha.